Solo wetu, Bavon, na deni la waliobaki

Wiki hii zamu ya kuandika historia iko kwetu, sisi wa kikundi cha muziki cha huku Cyanzarwe. Tulikuwa tumeahidi kuandika namna rumba ilivyoanza. Mtusamehe, tumebadilisha. Miezi minne iliyopita tulimpoteza mpiga gitaa wetu, na tangu siku ile kila tukikaa kuandika kitu kingine, kalamu inarudi kwake. Basi tumeamua tuandike historia ileile ya muziki wetu, ila kwa upande wa vifo vya ghafla: wanamuziki walipoondokewa na mwenzao bila kutegemea, walifanya nini? Tulikuwa tunatafuta jibu kwa ajili yetu wenyewe. Tunafikiri na ninyi mtalihitaji siku moja.

Jina lake hatutaliandika, juu hiyo ni haki ya familia. Hapa tutamuita Solo, maana gitaa la solo ndilo alilopiga. Wengi wenu mlimsikia kwenye harusi na kwenye sherehe za Siku ya Wakimbizi tarehe 20 Juni. Alikuwa na miaka 23. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe kwa bidoni ya mafuta, ubao na nyuzi za breki ya baiskeli. Alipopata la kweli, lile la bidoni hakulitupa. Alikuwa anafundishia watoto wa jirani pale nje, juu ya yale mawe meusi ya volkano ambayo huku yako kila mahali, kwenye kuta, kwenye mashamba ya viazi, mpaka chini ya vitanda vyetu.

Sasa tuseme lile jambo gumu. Solo alipokufa, tulikuwa hatuongei naye.

Tulikuwa tumepiga kwenye harusi moja mjini Gisenyi, tukalipwa faranga 60,000. Tukatoa pesa ya gari, tukatoa ya kutengeneza spika iliyoungua, tukagawana iliyobaki. Solo akasema hesabu haikai sawa, yeye amepunjwa 5,000. Sisi tukasema hesabu iko sawa, yeye ndiye hakuwepo siku ya kutengeneza spika. Maneno yakawa marefu. Akabeba gitaa lake akaenda. Wiki tatu hakuja mazoezini, na sisi hatukwenda kumuona, na tunatoka nyumba moja hadi nyingine dakika kumi tu kwa mguu. Kila mmoja alikuwa anangoja mwingine aanze.

Siku moja jioni akatuma sauti kwenye kundi letu la simu. Haikuwa na neno hata moja, ilikuwa gitaa tu, kama sekunde 40. Tuliiona. Wengine hatukuifungua, wengine tuliifungua tukanyamaza. Hakuna aliyejibu. Siku ya pili yake usiku alilala, asubuhi hakuamka. Kwenye kituo cha afya walisema ni moyo.

Matanga yalikuwa ya siku tatu. Siku ya kwanza tulipofika na magitaa, kama desturi yetu ya kumuimbia mwenzetu, tulizuiwa mlangoni. Maneno yalikuwa yametangulia. Walisema kijana mzima hafi hivihivi. Walisema aligombana na wenzake juu ya pesa, na sasa amekufa, hesabu wenyewe. Mmoja wetu aliambiwa machoni kwamba ndiye aliyemfanyia kitu. Tulirudisha magitaa nyumbani tukakaa mwisho kabisa wa turubai, kwenye baridi.

Pale nyuma alikuja kukaa na sisi papa mmoja ambaye zamani aliuza kaseti kule Birere, Goma. Alituangalia muda, halafu akasema: "Watoto yangu, ninyi si wa kwanza. Mnajua yaliyompata Franco?"

Hatukujua. Tukaambiwa usiku ule, na baadaye tukatafuta na kusoma wenyewe ili tusiwaletee ninyi hadithi tu.

Franco mnamjua. Luambo Makiadi, wa OK Jazz, kundi lililozaliwa mwaka 1956. Na yeye alianza na gitaa la kujitengenezea, akiwa mtoto, akilipiga kando ya meza ya mama yake sokoni Kinshasa ili wateja waje kununua mikate. Wengi hawajui kwamba alikuwa na mdogo wake, na mdogo huyo alikuwa mpiga gitaa vilevile: Bavon Marie-Marie. Bavon hakwenda kupiga kwa kaka yake. Alipiga kwenye kundi lingine, Negro Succès, na vijana wa Kinshasa wa miaka ya 1960 walimpenda sana. Alizaliwa 1944, alivaa vizuri, gitaa lake lilikuwa na mbio za ujana. Kuna watu walikuwa wanasema huyu mdogo atakuja kumpita mkubwa.

Tarehe 5 Agosti 1970 Bavon alikufa kwa ajali ya gari. Alikuwa na miaka 26.

Hapo ndipo maneno yakaanza. Mji ulisema ndugu hao wawili walikuwa wamegombana. Ukasema mengi juu ya sababu ya ugomvi. Halafu ukasema lile baya kuliko yote: kwamba Franco ndiye aliyemtoa mdogo wake sadaka, kwa uchawi, ili apate umaarufu na mali. Fikirini. Mtu amemzika mdogo wake, na njiani watu wanamuangalia kama muuaji. Wala hakuna mahakama ambayo angeweza kwenda kujitetea, juu uvumi hauna mshitaki wala shahidi. Unajibu kwa nani?

Franco aliacha muziki kwa muda. Yule mtu aliyekuwa na wimbo kwa kila jambo la mji, akanyamaza. Aliporudi, alirudi na maombolezo aliyoyaita Kinsiona, kwa Kikongo, lugha ya nyumbani kwao. Hilo tuliliwaza sana. Nyimbo zake nyingi zilikuwa za Kilingala ili Kinshasa yote ielewe. Kwa kilio hiki alirudi kwenye lugha ya mama yake. Sisi tunaona kama alikuwa anasema: hii si ya soko, hii ni ya nyumbani. Badala ya kubishana na wavumi mmoja mmoja, alilia mbele ya watu wote, kwa kazi aliyoijua.

Papa yule alipomaliza kutuhadithia aliuliza: "Na ninyi, mtanyamaza mpaka lini?"

Tulitaka kumjibu kwamba sisi si Franco. Lakini ukweli ni kwamba uvumi wa watu ulituuma kwa sababu ndani yake kulikuwa na chembe yetu. Hatukumuua Solo. Lakini tulimuacha wiki tatu peke yake juu ya 5,000. Mambo hayo mawili ni tofauti, na ilituchukua siku nyingi kuyatenganisha. Mtu akikushitaki uongo, unaweza kujificha nyuma ya uongo wake ili usiangalie kosa lako la kweli.

Kosa lingine ni hili. Solo alikuwa amesema, mara mbili au tatu, kwamba kifua kinambana akipanda kilima na gitaa mgongoni. Tulicheka. Tulimwambia ni baridi ya huku juu, au ni uzee umewahi. Hatusemi kwamba tungemuokoa, sisi si madaktari. Tunasema hatukumwambia aende akaangaliwe.

Hapa Rwanda kuna mfano ambao vijana wote wanaukumbuka: Yvan Buravan. Mwaka 2018 alishinda tuzo ya Prix Découvertes ya redio RFI, nyimbo zake zikawa kwenye kila simu. Tarehe 17 Agosti 2022 alifariki nchini India, alikokuwa amepelekwa kutibiwa. Alikuwa na miaka 27. Watu wengi hawakuamini, juu mwaka uleule alikuwa ametoka kutoa albamu yake Twaje. Ila mkumbuke jambo moja: ugonjwa ulitajwa kwa jina lake, saratani ya kongosho. Haukufichwa. Na baadaye ndugu zake walianzisha YB Foundation, ambayo kati ya kazi zake ni kuwafundisha watu juu ya saratani. Uvumi haukupata nafasi kubwa ya kukaa, maana ukweli ulikuwa umekaa kwanza. Hii ni tofauti kubwa na yaliyompata Franco mwaka 1970. Mahali ambapo sababu ya kifo inasemwa waziwazi, jirani hageuzwi mchawi kirahisi.

Basi sisi tulikwenda kwa familia tukauliza kama tunaweza kuwaambia vijana wenzetu kwamba ilikuwa moyo. Mjomba wake akakubali. Ndiyo maana tumeandika hapo juu. Na ninyi mnaosoma, kama kifua kinakubana ukitembea, usingoje kuchekwa na rafiki zako. Nenda kituo cha afya.

Sasa tuje kwenye upande wa pili, nyimbo.

Siku moja baada ya matanga kwisha tulikaa kufanya mazoezi. Tulitaka kupiga nyimbo za Solo mwenyewe, zile alizotunga. Zilikuwa saba. Tulipojaribu, tuligundua aibu nyingine: hakuna aliyezijua zote. Kila mmoja alijua kipande chake. Wa besi alijua besi, wa sauti alijua maneno ya wimbo mzima wa kwanza na nusu ya wa tatu. Mahali ambapo gitaa la solo lilikuwa linaingia, palikuwa na shimo. Zote alikuwa nazo kichwani, na kichwa kimekwenda.

Tukakumbuka historia ya Morogoro, Tanzania, ambayo mwenzetu mmoja aliyepitia kambi za Kigoma alikuwa anaihadithia. Mji ule ulitoa wanamuziki wawili wakubwa sana wa dansi, na wote wawili walikufa kwa ajali ya gari.

Wa kwanza ni Salum Abdallah. Mwaka 1948 alianzisha bendi pale Morogoro, ambayo baadaye ilijulikana kama Cuban Marimba. Mwaka 1965 ajali ikamchukua. Watu wangeweza kudhani bendi imezikwa na mwenyewe. Lakini alikuwepo Juma Kilaza, na chini yake Cuban Marimba ikaendelea kupiga na kurekodi, ikaingia mpaka miaka ya 1970. Jina la bendi halikufa na mwanzilishi wake, juu palikuwa na mtu wa kuibeba.

Wa pili ni Mbaraka Mwinshehe. Na yeye alizaliwa 1944, mwaka mmoja na Bavon. Alipata jina akiwa Morogoro Jazz, mpaka akapelekwa Japani mwaka 1970 kupiga kwenye maonyesho ya Osaka. Mwaka 1973 aliondoka akaanzisha kundi lake, akaliita Super Volcano. Sisi tunaoishi chini ya Nyiragongo jina hilo linatugusa. Januari 1979, akiwa Kenya, alipata ajali ya gari upande wa Mombasa, akafa. Miaka 34. Alikuwa mtunzi, muimbaji na mpiga solo, vyote yeye. Alipoondoka, Super Volcano haikupata tena nguvu ile. Lakini Mbaraka alikuwa na bahati moja ambayo Solo wetu hakuwa nayo: alikuwa amerekodi sana. Baadaye zilitoka santuri za nyimbo zake zenye jina Ukumbusho, na wimbo wake Shida hata leo ukipigwa, wazee wanasimama.

Basi mnaona njia mbili ambazo muziki unabaki. Ya kwanza, kuna mtu mwingine anayeujua, kama Kilaza. Ya pili, umerekodiwa mahali, kama wa Mbaraka. Sisi hatukuwa na Kilaza, juu kila mmoja alilinda kipande chake. Na studio hatukuwa na pesa yake.

Lakini tulikuwa na sekunde 40.

Ile sauti ambayo hatukuijibu, tuliifungua wote pamoja, simu imewekwa katikati, juu ya bidoni. Mwanzoni hatukuelewa. Halafu wa besi akasema, "Ngoja, rudisha." Ilikuwa ni mwanzo wa wimbo wa tano. Ule mwanzo ambao ulikuwa unatushinda, ambao kila siku kwenye mazoezi tuliukosea mpaka tukaamua kuuacha. Alikuwa ameupiga polepole, nyuzi moja moja, kama anavyofundisha wale watoto wa jirani. Kumbe alikuwa ametutumia somo. Katikati ya ugomvi, alitaka wimbo ukae sawa.

Hatutaandika zaidi juu ya usiku ule.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa mama yake. Tulibeba daftari la hesabu na faranga 5,000. Tulimwambia: "Mama, hatujui kama alipunjwa. Tumeangalia tena na sisi wenyewe hatuna uhakika. Lakini ilikuwa ni kitu cha kumaliza kwa siku moja, na hatukukimaliza." Alichukua pesa. Hakusema amesamehe, hakusema hapana. Alituuliza kama tumekula. Baada ya mwezi alimtuma mtoto atuletee daftari la Solo, lenye maneno ya nyimbo sita kati ya saba. Wa saba hatuna, na hatutaupata.

Kuna jambo moja zaidi la historia kabla hatujamaliza. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, akiimba, na ndiyo ikawa mwisho. Video mmeiona. Lakini wachache mnakumbuka kwamba miaka 20 kabla ya siku ile, mwaka 1996, alitoa albamu pamoja na Koffi Olomide. Koffi alikuwa amewahi kuliandikia nyimbo kundi la Wemba, Viva La Musica, zamani, kisha wakawa wapinzani na mashabiki wao wakawa kama kambi mbili. Ila walikaa chini, wakafanya Wake Up. Kifo kilipokuja bila kubisha hodi, hiyo kazi ilikuwa imekwisha kufanyika. Haiwezekani kuipunguza wala kuifuta. Waliopatana mapema wana kitu cha kusikiliza. Franco yeye alibaki na kilio tu, na sisi tumebaki na sekunde 40.

Kwa hiyo kikundi chetu kimeweka kanuni tatu, na tunaziandika hapa ili mtushike nazo.

Moja: ugomvi wa pesa hauvuki Jumapili. Hesabu inasomwa mbele ya wote, daftari liko wazi, na asiyeridhika anafuatwa nyumbani kwake. Hangojwi.

Mbili: hakuna wimbo wa mtu mmoja. Kila wimbo lazima watu wawili waujue kila sehemu, na unarekodiwa kwa simu hata kama sauti ni mbaya, na kunakiliwa kwenye simu tatu tofauti. Simu zetu zinaibiwa, zinaanguka majini, zinauzwa tukikosa chakula. Tatu ni kidogo, lakini ni zaidi ya moja.

Tatu: mtu akifa kati yetu, tunauliza sababu kwa heshima, tukiruhusiwa tunaisema. Tukisikia fulani kamloga fulani, tunajibu palepale. Kunyamaza ni kuongeza kuni.

Kwa ninyi kaka na dada wa mashirika mnaotusoma, tunashukuru kwa turubai na unga mlioleta siku za matanga. Tunaomba kitu kimoja ambacho hakina gharama kubwa. Kijana akifa ghafla, familia inatembelewa, na ni vizuri. Wenzake pia watembelewe. Waliocheza naye mpira, walioimba naye, waliokuwa hawaongei naye. Hao wa mwisho zaidi ya wote. Hawatakuja wenyewe ofisini kuomba kusikilizwa, juu wanaogopa kuonekana kama wanakiri.

Nyiragongo tunaiona kutoka hapa kila asubuhi anga likiwa safi. Ililipuka Januari 2002, ikalipuka tena Mei 2021, na mara zote mbili watu walikuwa katika kazi zao za kila siku. Waliokulia chini yake wanajua kwamba nyaraka za muhimu zinawekwa kwenye mfuko mmoja karibu na mlango. Sisi tumejifunza kwamba na maneno mazuri yanawekwa karibu na mlango, yasiwe mbali siku yakihitajika.

Wimbo wa tano tunaupiga sasa. Yule mtoto wa jirani, mwenye miaka 14, ndiye anaanza na solo, kwa gitaa la bidoni. Anakosea bado. Tunarudia.

Kama kuna mtu kwenye kundi hili ambaye hujaongea naye wiki tatu, ukimaliza kusoma usiandike maoni hapa chini. Mpigie yeye kwanza.